Kiingereza cha Siku ya Wakwe

Mimi ni mtu wa darasa la saba, na sioni haya kulisema. Shule ya msingi, Tabora, basi. Leo nina firma yangu, kampuni ya usafi, magari yenye jina langu ubavuni, na katika watu niliowaajiri wamo wenye digrii za Kampala na Bujumbura, hata Mswidi mmoja aliyesomea historia. Asubuhi wote wananiuliza mimi: bosi, leo tunaanzia wapi? Familia ya wamisionari niliyokuwa nikiiendeshea gari ndiyo iliyonivuta huku Stockholm. Nikaosha vyombo, nikasugua vyoo vya ofisi, na Kiswidi nikakipata kazini, si kwa kukaa darasani nikichorewa picha za matunda. Kitu nikikitaka nakipata. Kiingereza nacho nilikipata, Kiingereza kikubwa, si kile cha kuombea maji.

Nieleze kilikujaje.

Mke wangu alifariki mwezi wa pili, mwaka ule theluji ilikaa mpaka Pasaka. Watu walikuja, wakapika, wakaimba, wakaondoka. Mimi wiki iliyofuata nilikuwa kazini, maana ngazi za watu hazijui msiba. Watu wa Alby, mtaani kwetu, wakasema mzee ana moyo. Sijui kama ulikuwa moyo. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unauona, unaukanyagia, lakini habari zake huna.

Nilibaki na binti yangu. Tuna huyo mmoja. Ni mfamasia, amesoma hapa hapa, na nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Kiswahili anakijua chote. Anakitoa akitaka yeye.

Kiangazi kile mchumba wake alimaliza chuo, na wazazi wake wakafanya sherehe bustanini kwao, Sollentuna. Ni Wakenya. Baba mhandisi, alikuja kusoma tangu zamani akabaki. Mama anafundisha chuoni. Nyumba yao nzuri, sikatai, ingawa madirisha yao niliyaona yana michirizi. Ndiyo siku yangu ya kwanza kukutana nao. Na Mkenya aliyesoma, akikutana na Mtanzania, hukimbilia Kiingereza kama mtu aliyenyeshewa anavyokimbilia kibaraza. Anaogopa Kiswahili chetu. Huyu mhandisi naye alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza.

Alisema polepole, sentensi ndefu, kichwa kimeinama kidogo, na midomoni kitu kama tabasamu. Mimi nilidaka moja moja tu: mke, wakati, familia. Nikajua ananitania habari za wanawake. Wanaume wa umri wetu wakisimama na sahani za nyama choma wanazungumza nini tena? Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikampiga begani, nikamwambia kwa Kiswidi, "Ndivyo walivyo hao!"

Mikono yake ikaniachia. Mkewe akatazama majani. Binti yangu alikuwa hatua chache kutoka pale na trei ya glasi, akabaki nayo vile vile, kama mtu aliyesahau alikuwa anaipeleka wapi.

Kwenye treni ya kurudi Alby, tulipopita kituo cha Liljeholmen, binti yangu akanigeukia.

"Alikuwa anakupa pole ya mama," akasema, kwa Kiswidi.

Nikatazama dirisha.

"Siku watakapokuja nyumbani kujitambulisha," akaendelea, "nataka tutafute mtu wa kukusemea."

"Kunisemea mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi ninayekaa meza moja na wenye majengo, nikatoka na mikataba? Nisemewe?"

"Pappa, tafadhali."

Hapo hapo kwenye treni nilishaamua. Siku wakwe watakapokaa sebuleni kwangu nitasimama mwenyewe, nitawahutubia kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kumfanya mhandisi avae miwani. Binti yangu hataona haya tena kwa ajili yangu. Hilo tu ndilo nililolitaka mwaka ule. Sikumbuki kama nilitaka kitu kingine.

Kabatini kwake mlikuwa na CD za zamani, za watu wanaojiandaa kwa mitihani ya kwenda kusoma Amerika. Aliwahi kutaka kwenda, akaacha. Nilizichukua bila kuuliza, kijana mmoja wa kazini akaniwekea zote kwenye kile kidude cha muziki kinachoning'inia shingoni. Ndani yake mna Mmarekani mmoja. Anataja neno, anatulia, analitaja tena, kisha anatoa maana yake. Na ile maana imejaa maneno nisiyoyajua, kwa hiyo maana nayo ilihitaji maana. Nikanunua kamusi nene, nikaiweka garini pale penye glavu. Wenzangu wakienda kunywa kahawa, mimi niko kwenye gari na kamusi.

Njia yangu ilikuwa hii, na naipendekeza kwa yeyote. Ngazi za jengo husafishwa kuanzia juu kushuka chini, na ndoo ya maji hubadilishwa yakichafuka. Basi: ndoo moja, neno moja. Maji yakiwa bado yanafaa, neno halibadiliki. Nalitamka kila ninaposukuma mopu. Neno la kwanza kulimudu lilikuwa magnanimous, mtu mwenye moyo mpana, asiyeweka kinyongo. Nilishuka nalo jengo zima la Norsborg. Halafu ubiquitous, kitu ambacho kila uendako kipo, kama magari yangu Botkyrka. Perfunctory, kazi ya kulipua, ya bora iishe; kuna mtu nilimwachisha kazi kwa neno hilo kabla hata sijalijua. Equanimity, utulivu wa mtu asiyeyumbishwa na jambo. Hilo nililipata upesi.

Siku moja Mmarekani akasema bereft. Kamusi ikasema: aliyefiwa, aliyeondolewa alichokuwa nacho. Nilishuka nalo ghorofa baada ya ghorofa. Maji yakachafuka, nikamwaga, nikaweka mengine, tukaenda kwenye neno linalofuata. Nilingoja kidogo pale kwenye sinki, kuona kama kutatokea kitu. Hakikutokea.

Bibi mmoja wa Kiswidi, mwenye mbwa mdogo mwenye koti, alifungua mlango akanikuta nimeinama kwenye ngazi zake nikisema neno moja kwa sauti, mara kwa mara. Akasimama kunisikiliza.

"Unasali?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikamwambia.

"Basi sitakusumbua," akasema, akamvuta mbwa ndani. Tangu siku hiyo akinisikia napita alikuwa anapunguza redio.

Wengine wanasema mtu mzima hashiki. Waongo. Ilipofika Krismasi nilikuwa naokota gazeti la Kiingereza kwenye treni ninasoma kurasa mbili kabla ya kituo cha Fittja. Nina mteja mmoja kule Kista, ofisi ya Waingereza. Nikamwambia bosi wao kwamba vumbi kwenye vioo vyake ni ubiquitous, na anayesafisha sasa ni perfunctory. Kazi ya vioo nikapata. Nilipata na ya mazulia.

Nyumbani nilikuwa naandaa hotuba. Sikuiandika, mimi vitu vyangu naviweka kichwani. Baada ya kula nilikuwa naingia chumbani, nafunga mlango, nasimama mbele ya kabati la nguo la mke wangu, ambalo nilikuwa bado sijalifungua, nalihutubia. Utangulizi, makaribisho, sifa za familia ya wageni, sifa za familia yetu, hitimisho. Niliisema mpaka ikawa inatoka yenyewe, huku mimi nawaza mafuta ya gari.

Wakwe walipanga kuja Jumamosi moja ya mwezi wa tano. Binti yangu naye hakuwa amesahau lake. Alishuka ghorofa ya chini kwa jirani yetu, Mkongo wa Bukavu, shemasi kanisani kwao, mwalimu zamani, akamwomba awe msemaji wetu. Niliambiwa jambo limeshakwisha. Sikubishana. Nilijiambia, mwache aje, atafungua kwa sala.

Siku yenyewe shemasi alifika mapema, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Nikampa chai.

"Shemasi," nikamwambia, "leo wewe utatuombea. Kusema nitasema mwenyewe."

Akaweka kikombe mezani. "Mzee, weye unataka kusema nini?"

"Hotuba. Kwa Kiingereza. Nimeiandaa tangu kiangazi."

"Mais non, hapana, mzee!" Akacheka, halafu akaona sicheki. "Baba ya binti hasemi. Baba ya binti anakaa. Weye ukifungua mdomo, njo kusema unauza mtoto yako mwenyewe, kama vile nyanya ku soko."

"Nani kasema hivyo?"

"Watu wote! Kwetu ni vile. Kwa Wakenya ni vile. Hata kwenu Tanzania ni vile. Baba ya kijana naye, utaona, hatasema kitu. Ni kazi ya wasemaji." Akanitazama. "Weye hukuoa?"

"Nilioa."

"Na nani alikusemea?"

Nikamwambia ukweli. Hakuna aliyenisemea. Nilitoka nyumbani kabla sijaota ndevu, nikawa mtu wa barabara na magari ya watu. Mke wangu naye alikuwa yatima. Tulifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya, mashahidi tuliwaokota kwenye foleni ya leseni. Sijawahi kukaa kwenye posa hata moja, si ya ndugu, si ya rafiki. Tangu mwaka jana nilikuwa nanoa ulimi kwa ajili ya siku ambayo baba wa binti hana ulimi.

Shemasi alikuna shavu. "Basi mzee," akasema taratibu, "leo upumzike. Mi nitafanya."

Wakwe walikuja wakapanda na lifti kwa mafungu. Kina mama wa kanisa la shemasi walikuwa wameshajaa jikoni. Mhandisi alikaa kochi la mkabala na mimi, mikono magotini. Msemaji wao alikuwa binamu yake, dereva wa basi, mtu wa maneno. Akasimama, akakohoa.

"Wazee, sisi ni wafugaji," akasema. "Tulikuwa na kondoo wetu mmoja mzuri sana, akapotea. Tukafuata nyayo zake mos mos, polepole, mpaka zikatufikisha hapa kwa boma yenu."

"Nyayo ziliisha wapi?" akauliza shemasi.

"Kwa mlango wa lifti."

Watu wakacheka.

"Kondoo yenu alipanda lifti?"

"Ni kondoo wa Stockholm, shemasi! Yeye hapandi ngazi."

"Na alibonyeza ghorofa ya ngapi?"

"Hatukuuliza. Tulifuata harufu ya pilau."

Sebule ililipuka. Hata mhandisi alitabasamu, akiangalia zulia. Nami nililiangalia zulia hilo hilo. Ilikuwa mara ya kwanza watu kukaa nyumbani kwangu mazungumzo yakaenda bila mimi. Mara mbili nilivuta pumzi ya kusimama, na mara zote mbili shemasi, bila hata kunitazama, akaniwekea mkono gotini. Wakabishana kuhusu alama za kondoo, kuhusu mchungaji aliyelala usingizi, kuhusu mbwa wetu ambaye hakubweka. Mambo ya mahari wakayaweka siku nyingine.

Hatimaye shemasi akasema binti aitwe. Aliingia na gauni la kitenge, ameshonewa Rinkeby, kilemba kimemkaa vizuri. Akasimama katikati.

"Binti yetu," shemasi akasema, "hawa watu unawajua?"

"Nawajua."

"Tule chakula pamoja nao, ama tuwaonyeshe njia ya treni?"

Binti yangu akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili kilichonyooka, "Mwulizeni baba. Baba akikubali, na mimi nimekubali."

Watu wote wakanigeukia. Mkono wa shemasi ukatoka gotini. Mhandisi akainua macho.

Nafasi ilikuwa hiyo, imewekwa mbele yangu na desturi yenyewe. Na sikusahau kitu, mtu asinisingizie. Hotuba ilikuwepo yote, kuanzia neno la kwanza. Sikuogopa pia. Niliona tu kwamba kila aliyekuwamo mle ndani alikuwa anangoja neno moja, na nyuma ya neno hilo kina mama wameshavuta pumzi ya kupiga vigelegele.

"Nimekubali," nikasema.

Vigelegele vikapigwa. Vyakula vikaletwa. Watu wakanishika mkono wakaniambia hongera mzee, umefanya jambo, nami nikawa naitikia.

Wakati wa kuondoka niliwasindikiza mpaka kwenye lifti. Mhandisi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama siku ile. Safari hii alisema Kiswahili, akikipanga neno kwa neno.

"Mzee, tumeshukuru sana."

"Nasi pia. Mfike salama."

Mlango wa lifti ukajifunga. Habari ya kile kicheko changu hakuitaja, na mpaka leo hajaitaja.

Nilirudi ndani. Mchumba alikuwa amekwenda kuwarudisha wazazi wake, shemasi ameshuka kwake na sahani yake imefunikwa karatasi ya alumini. Jua lilikuwa bado dirishani, jua la mwezi wa tano ambalo halina haraka. Binti yangu alikuwa kwenye sinki, amevua kilemba, amevaa glavu za mpira juu ya mikono ya kitenge.

"Hukusema kitu," akasema kwa Kiswidi.

"Baba wa binti hasemi."

"Ndiyo desturi?"

"Shemasi anasema ndiyo. Wewe hukujua?"

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa nakuonea haya tu." Akasugua sufuria. "Nilikuwa nakusikia ukutani. Kila siku. Kuna neno ulikuwa unalikosea, halafu siku moja ukaacha kulikosea."

Nikakusanya vikombe vilivyobaki mezani.

"Iseme," akasema.

"Nini?"

"Hotuba."

"Watu wameshaondoka."

"Mimi sijaondoka."

Nikafunga kifungo cha koti. Nikasimama kati ya friji na meza, nikaanza. Yeye alinipa mgongo, akiendelea kuosha. Nikapita utangulizi, nikapita makaribisho, nikawaita wageni magnanimous, nikautaja usomi wa mhandisi na mkewe. Kiingereza kilitoka safi, nasema kweli, angekuwapo Mmarekani wa kwenye kidude angenipa mkono. Nikafika kwenye familia yetu. Hapo nilikuwa nimemtafutia mke wangu neno lake peke yake. Nililitafuta ndoo kwa ndoo wiki nyingi, nikakataa mengi, mpaka nikalipata. Indefatigable. Nikasema kwamba mama yake binti huyu, marehemu mke wangu, alikuwa mwanamke indefatigable.

Akafunga bomba.

"Unajua maana yake?"

"Kama naijua? Asiyejua kuchoka."

Akageuka. "Mama alichoka, Pappa," akasema, na hilo alilisema kwa Kiswahili. "Alikuwa anachoka kila siku. Akitoka kazini alikuwa analala pale, na koti lake, na viatu." Akaonyesha kwa glavu benchi la kuvulia viatu, koridoni. "Mimi ndiye niliyekuwa namvua. Wewe ukifika, ameshaamka, ameshapika."

Nikaliangalia lile benchi. Benchi fupi la mbao, nililinunua mimi, chini yake mna viatu. Nilijaribu kumwona amelala pale. Miguu isingetosha.

"Sasa niweke neno gani?" nikamwuliza.

Alifikiri, maji yakidondoka kwenye glavu. Ningeweza kumpa mwenyewe mengi, nilikuwa nayo.

"Weka neno la kawaida tu," akasema. "Sema alichoka."

Nikarudi nyuma kidogo, kwenye sifa za familia yetu, nikaisema upya sentensi ile kwa neno dogo ambalo hata sisi wa Tabora tulifundishwa tukiwa na kaptula. Nilisema mama yake alikuwa tired. Halikunishinda kulitamka. Kisha nikaendelea, maana hotuba ilikuwa haijaisha, nikawashukuru waliofika kutoka mbali, nikamwombea kila mmoja safari njema, mpaka mwisho.

Binti yangu alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alichukua kitambaa kwenye mlango wa jiko, akanirushia, akanisogezea sahani za kukausha.